Kioo cha Upande wa Dereva

Tarehe 9 Januari

Mdogo wangu Chiriku,

Natumaini barua hii imekukuta mzima, wewe na shemeji na mpwa wangu. Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu, anasema mgongo umeacha kumsumbua tangu alipoacha kunisikiliza mimi akaenda kumsikiliza daktari. Watoto wamerudi shule, nyumba imepoa, na mimi nimerudi kwenye kazi yangu ya meno ya bandia. Wiki hii namtengenezea mwalimu mkuu mmoja mstaafu. Kila akija kujaribisha ananisahihisha lugha, tena akiwa kibogoyo. Baba naye yupo. Anatembelea fimbo, sikio moja limefunga duka, lakini kumbukumbu zake zinanishinda mimi.

Najua utanilaumu kwa kukutumia kopo la biskuti lisilo na biskuti. Kwenye simu mimi na wewe tunaongelea mvua, mvua ikiisha tunaagana, kwa hiyo nimeona afadhali niandike. Lifungue taratibu. Hiyo pamba ni ya kazini, ni safi.

Hilo ni gari letu, dada. Lile lile, stesheni wagoni ndefu ya rangi ya maziwa. Nimelijenga kwa vitofali vya plastiki vya kuchezea, vile vyenye vinundu juu na matundu chini, kama tulivyokuwa navyo. Ilianza kama mchezo. Nilikanyaga kimoja cha kitinda mimba wangu, nikaruka kwa mguu mmoja mpaka kwenye kochi, na nilipokaa nakitazama mkononi nikajikuta natafuta cha kukishikisha nacho. Sasa nina masanduku. Wifi yako anasema nimeoa mke wa pili, tofauti ni kwamba huyu anakanyagika.

Usidhani ni kazi nyepesi. Kwanza nililijenga kwa upana wa vinundu sita, likatoka kama kabati la vyombo linalotembea. Nikalipanua liwe saba, hapo tabu ikaanza, maana saba huna namna ya kuigawa katikati, na boneti ile ilikuwa na mstari katikati. Nikahangaika mpaka nikajifunza kuvilaza vitofali ubavu, vinundu vikitazama pembeni badala ya juu, na mstari ukapatikana. Angalia pia madigadi. Nimeyavunja na kuyajenga upya mara nyingi kuliko meno ya mwalimu mkuu.

Sasa nimekwama. Mbele nalijua vizuri, ile nembo iliyong'oka ikaacha matundu, taa moja yenye chongo. Ndani ndiyo usiseme. Ila nyuma sina hakika napo. Nataka tulimalize pamoja. Utaratibu wangu ni huu: kopo likikufikia, badilisha kitu kimoja tu, kisha nirudishie pamoja na barua unieleze. Na hakuna kubomoa kazi ya mwenzako bila kutoa sababu. Vitofali vya akiba viko kwenye mfuko.

Jingine. Baba anataka kukuona. Hajalitamka, lakini kila nikikutaja anazima redio. Tangu yeye na mama walipoachana, mimi nikaondoka naye na wewe ukabaki na mama, hamjawahi kukaa chumba kimoja. Hata kwenye msiba wa mama hakuja, najua hilo lilikuuma. Lakini ni mzee sasa. Chumba cha mbele kiko wazi. Njoo hata kwa wiki moja.

Ni mimi kaka yako,
Kobe


Tarehe 20 Februari

Kaka Kobe,

Salamu nyingi sana. Sisi wazima kabisa. Shemeji yako amehamishiwa zamu ya asubuhi, kwa hiyo sasa ananiamsha na mimi, eti upweke. Mpwa wako amekuwa wa kwanza darasani na nyumba nzima tunakoma, hakuna anayemaliza sentensi bila kusahihishwa. Mimi bado nafundisha udereva. Juzi mwanafunzi wangu mmoja, mama mtu mzima na heshima zake, alipanda bustani ya maua ya manispaa, akazima gari, akaniambia, "Mwalimu, lilitaka lenyewe."

Nimelipata kopo. Nililifungua mezani nikiwa peke yangu na nilishukuru kuwa peke yangu. Kobe, ulijuaje kuweka mkono wa kioo kwenye mlango mmoja tu? Nilikuwa nimeusahau kabisa ule mkono. Milango minne, mkono mmoja wa kuteremshia vioo, tukawa tunapokezana. Baba akitaka hewa anaunyoosha mkono nyuma bila kugeuka, nawe unampa kama muuguzi anavyompa daktari mkasi. Nikakumbuka na viti vile vilivyokuwa vikipata jua mpaka ukikaa na kaptura unanyanyuka ukiacha ngozi. Na mama anavyoimba akiwa kiti cha mbele, halafu baba anapiga honi pale wimbo unapotaka honi. Walikuwa wakicheka sana wale, unakumbuka? Siku hizi nikisimulia naona kama natia chumvi.

Haya, kazi. Nyuma umeharibu. Taa ulizoweka ni za mraba. Zilikuwa nyembamba, zimesimama wima, na ya kulia ilikuwa imepasuka, ikazibwa kwa kipande cha plastiki chekundu kilichopauka kuliko mwenzake. Bampa ya nyuma ilikuwa imebonyea pembeni, ncha ikitazama juu. Na mlango wa nyuma haukufunga vizuri, ulifungwa kwa mkanda wa begi, mwisho wa mkanda ukining'inia. Nimejenga yote hayo na nayahesabu kuwa kitu kimoja, maana nyuma ni nyuma.

Halafu umesahau kioo cha pembeni, upande wa dereva. Nimekiweka. Hicho hakihesabiki kuwa badiliko, hiyo ni sheria ya barabarani.

Huku tunapaka nyumba rangi, kwa hiyo hakukaliki wala hakutokeki. Wasalimie wifi na watoto.

Mdogo wako,
Chiriku


Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi. Posta walilikalia kopo, likaja limebonyea kama bampa uliyoniambia. Huku sote wazima ila kifungua mimba amevunjika kidole akidaka mpira. Mwalimu mkuu amepata meno yake, akacheka kwa mara ya kwanza, akaniambia nimejitahidi. Kwa mtu kama yule hiyo ni nishani.

Nyuma yako imenitoa jasho. Nilipoliona lile gari kwa nyuma nilisimama. Ule mkanda wa begi ulikuwa wangu wa shule, nami nilikuwa nimesahau kwamba niliwahi kuwa na begi. Nimekaza zile taa kidogo tu, zilikuwa zinalegea. Lakini niambie, imekuwaje uikumbuke nyuma namna hiyo? Mbele hukugusa hata kitofali. Mtu angedhani hukuwahi kulipanda, ulilifuata tu.

Badiliko langu ni kioo. Sababu naitoa, kama tulivyokubaliana. Nimekitengenezea bawaba ili kifunguke na kufungwa, na nimekutumia kikiwa kimefungwa, kimebanwa mlangoni. Hivyo ndivyo ninavyokikumbuka siku tuliyoondoka. Mtaa wetu ulikuwa mwembamba, nadhani baba aliogopa kukwaruza ukuta.

Nililiweka gari mezani kwake. Alilipapasa kwa muda mrefu, boneti, paa, mlango kwa mlango. Alipofika kwenye kioo akakifungua kwa kidole, akakifunga, kisha akaniambia niiondoe chai isije ikalimwagikia. Chai ilikuwa mbali.

Rangi itakuwa imekauka sasa. Chumba cha mbele bado kiko wazi. Nakuuliza tena, utakuja lini?

Kaka yako,
Kobe


Tarehe 25 Aprili

Kaka,

Hatujambo. Mwambie mwanao pole ya kidole, na mwambie shangazi anasema kipa mzuri hudaka kwa kiganja. Shemeji yako anakusalimu.

Nimekifungua kioo. Sababu yangu hii hapa. Kwanza mimi kila siku ya kazi namfundisha mtu kwamba gari halitoki mpaka umetazama kioo cha pembeni. Mwanafunzi akiondoka kioo kimefungwa simpi hata nafasi ya kujitetea, nafungua mlango nashuka. Pili, kioo kilikuwa wazi. Nalijua hilo kwa sababu baba nilimwona ndani yake, na yeye aliniona mimi. Macho kwa macho.

Umeniuliza imekuwaje niikumbuke nyuma. Basi nakuambia, ila usiniulize tena. Nililifuata, kama ulivyosema kwa mzaha. Nilikimbia nyuma ya gari siku mliyoondoka. Hukuwahi kujua? Nilikimbia na gari likawa linakwenda polepole kwa sababu ya mashimo, kwa hiyo nilikuwa na muda mwingi wa kuitazama nyuma yake. Baada ya kumwona baba kwenye kioo nikaacha kumtazama, nikawa natazama dirisha la nyuma natafuta kichwa chako. Dirisha umeliacha tupu kwenye gari lako, vioo vinang'aa, mtu anaona mpaka usukani. Halikuwa tupu. Lilikuwa limezibwa na godoro lenye mistari ya buluu. Nimelijenga, ndilo badiliko langu. Lakini juu ya godoro kulikuwa na mwanya, kaka. Nilitazama ule mwanya mpaka mkakata kona. Nilidhani angalau utanyoosha mkono. Ulinipa kisogo.

Tulikuwa watoto, sikudai kitu. Nimekujibu tu kuhusu nyuma. Na yeye baba, sina la kumwambia mtu aliyeniona akakanyaga mafuta. Kwa hiyo habari ya chumba cha mbele tuiache, mpe mgeni mwingine.

Chiriku


Tarehe 30 Juni

Kaka Kobe,

Mwezi wote wa tano umepita na huu nao unakwisha, na sijapata kopo wala karatasi. Mnaendeleaje huko? Kama limepotea posta niambie tu, nitaelewa. Kama umekasirika pia niambie. Barua yangu niliiandika nikiwa na kisirani, siku hiyo wanafunzi wawili walikuwa wamefeli, ila yaliyomo siyafuti.

Mpwa wako ananiuliza lile gari dogo limekwenda wapi. Nimemwambia liko gereji.

Chiriku


Tarehe 12 Julai

Mdogo wangu mpenzi,

Sisi wazima, usihofu. Kidole kimepona. Wifi yako ameniambia nisipokujibu wiki hii atakujibu yeye, na unajua wifi yako akiandika haachi kitu.

Sikukasirika. Nilinywea. Nilisoma barua yako nikiwa kazini, nikaiweka chini ya taa pamoja na taya za watu, na siku ile sikufanya kazi tena. Kweli sikujua, Chiriku. Sikujua kama ulikimbia. Hakuna aliyewahi kuniambia.

Nianze na mimi. Niliweka mtoto mmoja mdogo wa plastiki kiti cha nyuma, nikarudishia godoro lako, nikainama nyuma ya gari jicho langu likiwa usawa wa bampa, urefu wako wa wakati ule. Haonekani. Nikampigisha magoti juu ya kiti. Haonekani. Nikamsimamisha, kichwa kikagonga paa, bado haonekani, kwa sababu godoro lilisimamishwa wima nyuma ya kiti na ule mwanya ulikuwa juu kabisa, wa kupitisha hewa tu. Na mimi ndivyo nilivyokuwa, dada. Nilipiga magoti nimekipa mgongo kioo cha mbele, uso wangu umegusana na ile mistari ya buluu, najaribu kutazama nyuma. Nilikuwa nakupungia mkono. Nililipungia godoro mpaka baba akaniambia nikae nitaumia. Sikukupa kisogo. Naumia sana kujua kwamba umekaa na hilo miaka yote hii nami nipo, simu ninayo, naongelea mvua.

Sasa kioo. Mimi na wewe tuko sahihi wote wawili. Kilikuwa wazi, halafu kikafungwa. Nilisikia baba akiguna, nikageuka, nikaona ametoa mkono dirishani akakilaza kioo kwenye mlango, pa! Ukuta wa karibu haukuwepo pale. Nilikuwa mtoto, nikajiambia ni mtaa mwembamba, na nikaendelea kujiambia hivyo hadi barua yako iliponifikia.

Ndiyo sababu nilichelewa. Nilikuwa nangoja nipate ujasiri wa kumwuliza, na kumwuliza mzee jambo kama hilo si sawa na kumwuliza kama amekunywa dawa. Nilikwenda kwake na gari, kioo kikiwa wazi kama ulivyokiacha, nikamwambia, "Baba, Chiriku anasema alikuona humu." Kwanza nikadhani nimeongelea upande wa sikio bovu. Kisha akasema hivi, nakuandikia kama alivyosema:

"Nilimwona. Alikuwa anakimbia amenyoosha mkono. Nilijua nikiendelea kumtazama nitasimama, na nikisimama pale siondoki tena. Na mama yenu alikuwa amekwisha kuniambia niondoke. Nikakilaza kioo."

Nikamwuliza kwa nini hakukuandikia baadaye, hata mstari mmoja. Akasema, "Nimwandikie nini? Kwamba nilimwona?"

Ndivyo ilivyo. Sikuombi umwelewe. Sikuombi uje, pia, sitalirudia hilo. Nilikuwa nakuita kama mtu anayeita mgeni kwenye chakula, kumbe sikujua naita kitu gani. Gari nakurudishia kioo kikiwa wazi, sitakigusa tena. Badiliko langu mara hii ni huyo mtoto kiti cha nyuma. Nimemgandisha magoti kwa gundi, anatazama nyuma. Godoro likitoka utamwona.

Kuna kitu kimoja cha kukuchekesha kidogo. Yale magari niliyokuwa nikikujengea zamani, kule tulikohamia sikujenga hata moja. Nilifungua mfuko wangu wa vitofali nikakuta magurudumu hayamo. Tulikuwa tumekubaliana niyachukue mimi, nikadhani umenizunguka ukayaficha. Nilijenga nyumba tupu mpaka nikachukia nyumba.

Kaka yako,
Kobe


Tarehe 3 Agosti

Kobe,

Leo salamu utazikuta mwisho. Naandika mbio kwa hiyo usinisahihishe maandishi.

Baba anasema nilikimbia nimenyoosha mkono. Hakudanganya, nilinyoosha. Lakini hakuna kati yenu aliyewahi kujiuliza mkononi kulikuwa na nini? Mkononi kulikuwa na magurudumu yako.

Tuligawana vitofali asubuhi ile sakafuni, nadhani unakumbuka, mama akifunga vyombo na sisi tukijifanya hatusikii. Wewe vyeupe na vya buluu, mimi vyekundu na vya njano. Magurudumu tukasema yote yako, kwa sababu mimi nilisema nitajenga jumba la ghorofa na ghorofa haina magurudumu. Lakini yalikuwa na matope, tulikuwa tumeyachezea uani. Mimi nikaona haya nikupe machafu. Nikayapeleka kwenye beseni nikawa nayaosha moja moja kwa mswaki. Nikasikia gari linawaka. Nikayachota yote, mengine yakanitoka, nikakimbia.

Sikuwa nawazuia, kaka. Mama alikuwa amenieleza siku kadhaa kabla, nikalia nikamaliza, nikakubali. Mtoto akikubali anakubali kweli. Nilikuwa nakimbia kama mtu anavyokimbia na mwavuli wa mgeni aliyeusahau. Angesimama, ningekupitishia dirishani, ningekuambia usiyaache kwenye matope tena, nikarudi nyumbani. Pengine ningelia kidogo, sikatai. Lakini ningerudi.

Na yeye miaka yote hii anaamini nilikuwa namsihi abaki. Alikilaza kioo asione mtoto akimlilia, na mtoto alikuwa amebeba magurudumu yanayodondosha maji. Nimecheka, Kobe. Shemeji yako alitoka chumbani akanikuta nacheka na machozi yananitiririka, akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna.

Nimekasirika upya, ila kwa sababu nyingine. Ile hasira ya zamani ilikuwa kwamba aliniona akaondoka. Hii ya sasa ni kwamba alibeba mzigo usiokuwepo, na mimi nikabeba wa kwangu usiokuwepo, na wewe ukaachiwa nyumba zako, wote watatu kwa jambo ambalo lingemalizika kwa kuteremsha kioo cha dirisha lako. Halafu mkono wa kuteremshia kioo ulikuwa mmoja tu gari zima. Nani alikuwa nao?

Magurudumu ninayo. Sikuwahi kuyajengea kitu. Yalikaa kwenye kijikopo cha sindano za mama, na mama hakuwahi kuniuliza. Nimeyang'oa yale mapya uliyonunua nikafunga haya. Mpira wa moja umepasuka na yanalia yakizunguka, lakini yanazunguka. Ndilo badiliko langu. Na godoro nimelitoa. Sababu: nilitaka kukuona.

Msomee baba barua hii. Yote, hata pale nilipokasirika. Polepole, upande anaosikia.

Wasalimie wote. Na yeye.

Chiriku


Tarehe 21 Agosti

Mdogo wangu,

Salamu kwenu nyote. Huku wazima, wifi yako amelia siku mbili na sasa anajidai ni mafua.

Nilimsomea. Nilikaa upande wa sikio lake zima, gari likiwa katikati yetu. Nilipofika kwenye beseni na mswaki akaniinulia kidole nisimame, akaniambia nirudie hapo. Nikarudia. Akaniambia tena. Nikamaliza barua, nikainua macho. Alikuwa analia, Chiriku, mdomo umefungwa, machozi yanashuka tu. Sijawahi kumwona baba akilia maisha yangu yote, sikujua nifanye nini, nikawa nimeshika karatasi kama karani. Baadaye akaweka kidole juu ya paa la gari akalisukuma mezani. Likalia kama ulivyosema. Akalirudisha, akalisukuma tena.

Sasa halitoki mezani kwake. Sikulibadilisha chochote na sidhani kama kuna cha kubadilisha. Nilidhani najenga gari, na kweli nimelijenga, hata yule mwalimu mkuu angekosa kasoro. Lakini nitakuwa mwongo nikisema nilikuwa naijua kazi niliyokuwa naifanya.

Nimekuandikia haraka kwa sababu moja. Ameniuliza swali na sina jibu. Aliniuliza siku ile ile, na ameniuliza tena kila siku, asubuhi kabla sijaenda kazini na jioni nikirudi, kama mtu anayengojea majibu ya hospitali. Anasema alipokilaza kioo hakukifungua tena mpaka tulipofika barabara kuu, kwa hiyo hajui. Anauliza, "Alikimbia mpaka wapi?"

Nimwambieje? Niandikie mstari mmoja tu, nitamfikishia.

Kaka yako,
Kobe


Tarehe 1 Septemba

Kaka Kobe,

Sisi wazima. Mpwa wako anakusalimu, shemeji pia.

Nimeandika jibu la swali la baba mara mbili, nikalichana mara zote mbili. Likiwa kwenye karatasi linakuwa jina la mahali tu, na mahali penyewe huenda hapapo tena. Nilisimama mahali fulani, nikakaa chini, nikakaa kwa muda, mama akaja kunichukua. Huwezi kumsomea mzee kitu kama hicho katikati ya dawa na taarifa ya habari, halafu uende zako kazini.

Kwa hiyo usimwambie chochote. Swali si lako, na jibu ni langu.

Nimeomba likizo. Nakuja Jumamosi, naendesha mwenyewe, msihangaike kunipokea popote. Ila nifanyie jambo moja. Mtoe nje mapema, mtafutie kiti, umkalishe pale barabara inapoonekana. Nataka anione nikija tangu mbali.

Chiriku